Amerudi Nyumbani, Je, Amekula?



Saa za kuwaona wagonjwa zikikaribia, kilima cha Bugando hujaa watu wanaopanda na vikapu. Huyu amebeba chupa ya uji, yule amefunga ugali na sato kwa kitambaa, mwingine ana ndizi mbivu. Tangu hospitali ile ilipofunguliwa mwaka 1971, watu wa pande zote za Ziwa wameipanda njia hiyo, nasi tumo miongoni mwao. Twajua kwamba Bwana wetu alihesabu kumtazama mgonjwa kuwa ni kumtazama yeye mwenyewe. Hapo hatuna lawama kubwa. Lawama yetu yaanza siku ile mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani.

Tulikuwa na bibi mmoja katika mtaa wetu, mjane aliyepita miaka sabini. Alipolazwa, wageni walikuwa wengi hata chakula kikabaki. Alipotoka, tulimshukuru Mungu kanisani, tukaimba, tukaliondoa jina lake katika orodha ya wanaoombewa. Wiki ya tatu mmoja wetu alipita kwake kwa shughuli nyingine. Akamkuta ameketi mlangoni, miguu imekonda, hawezi kusimama bila kushika ukuta. Ndani ya sufuria mlikuwa na uji mweupe wa asubuhi, ambao alikuwa akiunywa mpaka jioni. Dagaa alioletewa na jirani alikuwa amewagawia wajukuu. Alipoulizwa mbona hakutuma mtu kutuambia, alijibu kwamba yeye ameshapona, na mtu aliyepona hasumbui watu.

Jibu hilo limetuchoma, kwa sababu neno hilo alijifunza kwetu. Sisi ndio tuliomwambia kwamba amepona, tulipoacha kwenda kwake. Basi hatuna budi kujiuliza: Je, tulikuwa tukimhudumia mgonjwa, au kitanda chake? Hospitalini watu wengi hutuona tukiingia na kikapu. Nyumbani kwa mjane hakuna atuonaye ila kuku wake.

Wenye ujuzi wa uuguzi hutufundisha kwamba mzee akilala kitandani hata kwa siku chache, nguvu za miguu yake hupungua upesi kuliko za kijana. Nguvu hizo hazirudishwi na vidonge peke yake. Zarudi kwa chakula cha kujenga mwili na kwa kutembea kidogo kidogo. Lakini wakati huo huo hamu ya kula imepotea, meno ni machache, na wa kumtekea maji hayupo. Asipokula, hudhoofika, akidhoofika, huanguka, naye arudishwa kitandani alikotoka. Kwa hiyo kurudi nyumbani si mwisho wa ugonjwa. Kwa mzee, pengine ndiyo sehemu yake iliyo ngumu zaidi.

Tukisoma Marko sura ya tano twamwona Bwana Yesu nyumbani kwa Yairo. Binti amefufuka, watu wote wamestaajabu, na kama ni sisi tungalianza kuimba. Lakini Bwana alikumbuka jambo ambalo hata wazazi walilisahau katika furaha yao: aliagiza mtoto apewe chakula. Aliyeweza kumrudishia mtu uhai hakuona aibu kuuliza habari za sufuria. Basi sisi ni nani hata tuone kazi hiyo kuwa ndogo?

Wengine watasema, "Bibi yule ana watoto wake." Ni kweli, na Paulo alimwandikia Timotheo kwamba watoto na wajukuu ndio wa kwanza kuwalipa wazazi wao fadhili. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo yaitazama familia kuwa ndiyo msingi wa kuwatunza wazee. Lakini Paulo alisema hivyo ili kanisa lipate nafasi ya kuwasaidia walio wajane kweli kweli. Na kanisa litawajuaje, kama haliendi kuwaona? Tena mtoto aliye Dar es Salaam au migodini Geita aweza kutuma fedha kwa simu, lakini fedha haijipiki. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Watoto ni figa moja, hospitali na serikali ni la pili, nasi majirani na washirika ni la tatu. Kila figa likingoja jingine, chungu hakitapanda jikoni.

Liko swali jingine. Je, bibi alikosa kuwagawia wajukuu dagaa wake? Tusifanye haraka kumkemea. Maisha yake yote kuwa mama kulikuwa ni kugawa. Tukimletea sahani moja, tukamwagiza ale peke yake huku watoto wanamtazama, twamlazimisha achague kati ya njaa na aibu, naye atachagua njaa. Yatupasa kuleta kinachotosha chungu cha nyumba nzima, tena tuketi tule pamoja naye. Hapo abaki mwenyeji kwake, wala hageuki mwombaji, na mtu ale vizuri zaidi akiwa na wenzake.

Vyakula vyenyewe havitoki mbali. Uji wa ulezi au mtama utiwe karanga zilizosagwa au maziwa. Dagaa wa mwaloni Kirumba wakisafishwa na kusagwa, hata asiye na meno huwala. Yai, maharage yaliyoiva sana, mchicha na papai pia vyafaa. Apewe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, aketi wima anapokula, na maji ya kunywa yawe karibu naye. Lakini mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo, kwanza tuulize waliomtibu.

Twapendekeza basi kwamba jina la mzee aliyeruhusiwa lisifutwe katika orodha yetu mpaka aweze kutembea mwenyewe kuja kanisani. Umoja wa Akina Mama, vijana na wazee wa kanisa wagawane siku. Kasisi humpelekea asiyeweza kutembea mkate wa Ushirika Mtakatifu. Itakuwa ajabu mkate huo ukimkuta ana njaa ya siku mbili, nasi tuliosali naye tumeshiba.

Mungu atupe macho ya kuona na miguu ya kwenda. Amina.