Insha ya kukariri ni ushahidi wa nani?

KILA Novemba inapokaribia, vijana wa kidato cha nne huku Kolandoto, katika Manispaa ya Shinyanga, kama wenzao wa Dar es Salaam na Tanga, hujiandaa na insha kwa kuzikariri. Madesa yanazunguka yakiwa na utangulizi ulio tayari, hoja sita zilizo tayari na hitimisho la kuiasa "serikali, wazazi na jamii kwa ujumla". Kazi ya mtahiniwa ni kubadili kichwa cha habari tu. Ukihoji, utajibiwa kwamba msahihishaji anatafuta hoja, hatafuti moyo wa mtu.

Ni kweli, na tatizo liko hapo hapo.

Chukua mada isiyokosekana katika mazoezi ya huku Usukumani: mauaji ya vikongwe na ya ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi. Kijana anaandika vizuri sana. Anaeleza kuwa macho ya bibi yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi, si kwa uchawi. Anataja hukumu ya Septemba 2009, pale Mahakama Kuu ikikaa Kahama ilipowahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana mwenye ulemavu wa ngozi. Anapata alama 17 kati ya 20. Jioni, nje ya darasa, kijana yule yule anakwambia bila kupepesa macho kwamba bibi fulani mtaani kwao "anajulikana".

Sasa tujiulize, insha ile ilikuwa ushahidi wa nani?

Katika Surat as-Saff, aya ya pili na ya tatu, Allah (s.w) anawakaripia walioamini kwa kusema wasiyoyatenda. Haina maana kwamba Uislamu hautaki ufasaha. Mtume (s.a.w) alieleza kuwa katika ufasaha mna uchawi (neno zito hilo hapa Shinyanga!). Na katika Hadithi ya Ummu Salama, iliyomo katika Bukhari na Muslim, aliwatahadharisha waliogombana kwamba huenda mmoja wao akawa hodari zaidi wa kujenga hoja, akapewa haki ya nduguye. Basi alichopewa ni kipande cha moto. Naye Abdul Qahir al-Jurjani, mwanachuoni mkubwa wa balagha wa karne ya 11, alishikilia kuwa maneno hupangika katika ulimi kwa kuwa maana zimekwisha kupangika katika nafsi. Mwenye desa anaanzia mkiani.

Wako walionipinga: mbona sisi tunahifadhi Qur'an? Tunahifadhi, lakini hafidhi hadai kuwa maneno ni yake. Ameyabeba kama amana na kila anayemsikia anajua ni ya nani. Insha inasema "toa maoni yako".

Pingamizi gumu lilitoka kwa mwanafunzi. "Ustadh, nikiandika ninachoamini nitafeli. Na Qur'an yenyewe imetaja uchawi. Nidanganye nifaulu?"

Hakuna haja ya kudanganya. Kueleza hoja usiyoikubali si uongo. Wanafiqhi huzitaja dalili za mpinzani kabla ya kuzijibu. Ila nilimtaka kwanza aandike imani yake, na ushahidi wake. Uchawi umetajwa, sawa, katika Surat al-Baqara, aya ya 102. Lakini nani alimwona bibi huyu? Katika Surat an-Nur, anayemtuhumu mwanamke kwa zinaa bila kuleta mashahidi wanne hupigwa mijeledi 80, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Huo ni ulinzi wa heshima yake tu. Vipi basi kwa tuhuma ambayo malipo yake huku ni panga, tutosheke na rangi ya macho?

Alikaa na swali hilo siku nne. Insha aliyoleta ilikuwa na hoja tatu tu, moja ikiwa ni swali ambalo hakulijibu, na lugha yake ilikuwa ya kukwaruza. Kwa mwongozo wa usahihishaji isingevuka alama 11. Na Novemba haimsubiri mtu. Nimemwachia madesa yake kwa mada nyingine zote, isipokuwa hiyo.