Fundi Anapoitwa Kuwa Msimamizi



Masomo: Kutoka 18:13-26, Kutoka 35:30-35.

Mwezi uliopita alitufikia ndugu mmoja wa kanisa letu anayefanya kazi Jinja. Yeye ni injinia wa umeme; anasuka upya mota za viwandani zilizoungua. Akiweka kiganja juu ya mota inayozunguka, anajua kama beringi yake inakufa. Sasa mwajiri wake anafungua karakana nyingine Mbale, kwenye eneo la viwanda lililoanza kujengwa mwaka 2018, naye anamtaka akasimamie wafanyakazi ishirini. Mshahara utapanda. Mota hatazigusa tena. Akauliza: wachungaji, niende?

Tunakiri mbele yenu kwamba tulijibu haraka. Tulisema, nenda, Mungu amekuinua! Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi hapa Uganda, lakini ni wangapi kati yetu wamepewa ofisi? Tulifurahi kana kwamba kiti ni chetu. Ndugu yetu akanyamaza, akaangalia mikono yake. Ndipo tukaona kwamba tumejibu kabla ya kuomba.

Tukafungua Biblia pamoja naye. Bezaleli alijazwa roho ya Mungu kwa kazi ya dhahabu, mawe na miti. Wapendwa, hiyo ni kazi ya mikono! Kwetu mtu akishika spana tunasema bado anatafuta maisha, akishika kalamu tunasema amefika. Maandiko hayasemi hivyo. Tena mstari wa 34 unasema Bezaleli na Oholiabu walitiwa moyoni pia kuwafundisha wengine, na hawakuacha ufundi kwa sababu hiyo.

Halafu Yethro. Alipomshauri Musa achague viongozi, hakutaja wepesi wa mkono. Alitaka watu wanaomcha Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Hapo tulikaa muda mrefu, maana msimamizi ndiye anayeandika na kufukuza watu. Wenzetu watamjia usiku na bahasha, wakisema sisi ni wa kabila moja, mwandike mtoto wangu. Na siku moja atalazimika kumwachisha kazi baba wa watoto sita aliyekimbia naye vita. Mota haikulilii mlangoni.

Mwishoni tukamwuliza: kijana unayemfundisha akikosea kusuka, unafanya nini? Akacheka kwa aibu. Akasema, namnyang'anya, namaliza mwenyewe.

Hatukumwambia tena aende wala abaki. Tulimwomba arudi Jinja, na kwa mwezi mmoja asimnyang'anye yule kijana kazi hata mara moja, kisha ajichunguze kama moyo wake umefurahi au umechoka. Wiki hii amepiga simu. Kijana ameunguza mota moja, na ndugu yetu alikaa kando yake hadi saa nne za usiku, mikono mfukoni. Anasema ilikuwa mateso, lakini mota ya pili ilizunguka vizuri, naye akaipenda kuliko zake zote.

Amemwomba mwajiri ampe miezi mitatu ya kujaribu Mbale, na nafasi yake ya Jinja isipewe mtu. Hadi tunaandika haya hajajibiwa. Mwombeeni, pamoja na mkewe, ambaye hataki kuhamisha watoto shule katikati ya muhula.