Tusishangilie Mtambo Kabla ya Kupiga Hesabu

Kuna kijiji kimoja nchini Marekani ambacho kila kamati ya maji ingefaa ikijue kisa chake. Kinaitwa Lanare, nacho kipo katika kaunti ya Fresno, jimbo la California, katikati ya mashamba makubwa. Wakati wa mkasa huu kilikuwa na watu wasiofika 600, wengi wao vibarua wa mashambani na familia zao. Maji ya visima vyao yalikuwa na aseniki, sumu itokayo kwenye miamba, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hata kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, sumu ikabaki palepale sufuriani.

Mwaka 2006 kiwango kipya cha serikali kuu kilianza kutumika Marekani: aseniki isizidi mikrogramu 10 kwa lita moja, badala ya 50 zilizoruhusiwa zamani. Lanare ikapata ruzuku ya umma ya takriban dola milioni 1.3, mtambo wa kusafisha maji ukajengwa, na mwaka 2007 ukaanza kazi. Baada ya miezi michache ukazimwa. Kilichouzima ni gharama: chombo kilichosimamia maji ya kijiji kilishindwa kuuendesha.

Wakazi wakarudi kwenye maji yaleyale yenye sumu. Bili ziliendelea kuja, na juu ya bili ikabidi watu wanunue maji ya chupa kwa ajili ya kunywa na kupikia. Chombo cha maji kikazama katika madeni, hata kikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Mtambo wenyewe ukabaki umesimama kwa miaka mingi, mbele ya macho ya watu uliojengwa kuwaokoa.

Tusiwanyooshee kidole watu wa Lanare. Kijiji chenye sumu majini kikiletewa fedha za mtambo, nani atasema hapana? Hata mimi, lau ningekuwa kwenye mkutano wa namna ile, huenda ningenyoosha mkono kukubali kabla sijauliza swali hata moja. Kiu haina subira. Ndiyo maana inatupasa tuziangalie dalili zilizokuwa wazi tangu mwanzo, maana dalili hizohizo zinaweza kutokea kijijini kwetu.

Dalili ya kwanza ilikuwa idadi ya walipaji. Mtambo wa kuondoa aseniki unahitaji umeme, dawa, vichujio vya kubadilishwa, fundi mwenye ujuzi na mahali salama pa kutupa taka zenye sumu. Sehemu kubwa ya gharama hizo haipungui kwa sababu watu ni wachache. Mji mkubwa huzigawa kwa maelfu ya wateja; kijiji huzigawa kwa wachache waliopo.

Tupige hesabu kwa mfano wa kubuni wa kwetu. Tuseme kijiji kina kaya 150, na kuendesha mradi kunahitaji shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Kila kaya italipa shilingi 10,000, tena pasiwepo hata moja inayokosa. Msimu ukiwa mbaya, kaya 50 zikashindwa, zilizobaki zitatakiwa kulipa shilingi 15,000. Hapo nazo zitaanza kuchomoka mojamoja na kurudi mtoni. Hesabu hii inatosha nusu ukurasa wa daftari, lakini ndiyo inayoamua uhai wa mradi.

Dalili ya pili ilikuwa kipato. Kibarua wa shamba hupata fedha kazi ikiwepo, ilhali umeme na dawa vinadai kila mwezi, mavuno yawepo yasiwepo.

Dalili ya tatu ilikuwa ruzuku yenyewe. Ilikuwa fedha ya kujenga, na haikuja na fedha ya kuendesha. Fedha ya kujenga huja mara moja, tena kwa hotuba na utepe. Fedha ya kuendesha hutafutwa kila mwezi, na hakuna mgeni rasmi anayekuja kuizindua.

Dalili ya nne ilihusu njia nyingine za kupata maji salama. Miaka mingi baadaye, Lanare ilipata visima vipya kwa fedha za jimbo. Swali la kuchimba kwingine, kwenda chini zaidi au kuungana na majirani ndilo linalopaswa kutangulia mtambo wowote. Likijibiwa baada ya mtambo kusimama, kijiji kinakuwa kimelipa mara mbili.

Hapo ndipo tunapoona thamani ya fedha za maandalizi: kupima maji, kufanya upembuzi yakinifu, kulinganisha njia zilizopo na kukadiria uwezo wa wananchi kulipa. California leo hutoa fedha za umma kwa jamii ndogo zenye kipato cha chini kwa kazi hiyo kabla ya ujenzi. Mwaka 2019 jimbo lilipitisha sheria ya kutenga hadi dola milioni 130 kwa mwaka kwa ajili ya maji salama ya kunywa, na fedha hizo zinaruhusiwa kugharimia hata uendeshaji. Somo hilo lilikuja kwa gharama kubwa.

Nasi Tanzania tuna makovu yetu. Mwaka 1971 nchi ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikufikiwa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikasisitiza wananchi washiriki kupanga na wachangie uendeshaji na matengenezo, na mwaka 2019 ikaundwa RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ikifanya kazi na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Muundo upo. Hata hivyo, kikao kinachoharakisha kufika kwa mkandarasi kinaweza kuuvuka muundo wowote. Na tusisahau kwamba Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida zina maeneo yenye madini mengi ya floraidi, yanayoharibu meno na mifupa ya watoto. Kisima kinaweza kutoa maji mengi, maangavu, na bado kikawa na madhara.

Ndugu msomaji, ukiwa mwenyekiti, diwani, mjumbe wa kamati au mwananchi tu mkutanoni, usione haya kuuliza. Maji yamepimwa, na majibu ya maabara yako wapi? Njia gani nyingine ziliangaliwa? Kuendesha mradi huu kutagharimu kiasi gani kwa mwezi, na kila kaya italipa ngapi? Pampu ikiungua, fedha itatoka mfuko gani, na fundi atatoka wapi?

Majibu yasipokuwepo, ombeni kwanza fedha za upembuzi yakinifu, hata kama watu watanung'unika kwamba mnachelewesha maendeleo. Mkutano usiidhinishe ujenzi mpaka majibu hayo yameandikwa na kusomwa mbele ya wananchi wote.