Kati ya Pole na Samahani

Neno "sorry" la Kiingereza ni fupi, lakini limebeba mzigo wa maneno yetu kadhaa. Ukifiwa, Mwingereza atakuambia "sorry". Akikukanyaga mguu, "sorry". Asiposikia ulichosema, atalirudia neno hilohilo kwa sauti ya kuuliza. Akitaka umpishe, ni lilelile. Sisi tungesema pole, samahani, unasemaje, naomba nipite. Katika Kiingereza cha kale asili yake ni maumivu: aliyelisema alikuwa akieleza kwamba moyo wake unauma. Hakuwa anaomba kitu.

Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford aliligusa jambo hili katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962. Mtu anayetamka kwamba anaomba radhi, alisema, hatoi habari, anatenda. Kitendo kinafanyika kwa kule kutamka. Lakini "sorry" imesimama katikati, nusu kitendo, nusu maelezo ya hisia. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayonisumbua, kwa sababu mtu anaweza kujificha humo.

Kiswahili kimejenga ukuta mahali hapo. Pole hutolewa, msamaha huombwa. Ukinipa pole ya kazi, ya safari au ya msiba, hujakiri kosa lolote, nami nitajibu "asante, nimeshapoa". Ukiniomba msamaha, unaniachia mimi neno la mwisho. Naweza kukunyima. Hata ukiwa mkubwa kwangu kwa umri au cheo, kwa dakika hiyo uko chini yangu.

Siku hizi tumeikopa "sori", na ukuta umepata tundu. Hapa Mlandege, Iringa mjini, nilikopanga chumba wakati nasoma shahada ya uzamili, nililiona tundu hilo sokoni. Kijana wa bodaboda aligonga beseni la mama muuza nyanya, nyanya zikamwagika njiani. "Sori, mama," alisema, pikipiki bado inaunguruma. Waliokuwa karibu wakasema "pole, mama" huku wakiokota. Mama akamtazama kijana, akamwambia, "Pole nimeshapewa na hawa. Wewe unanipa nini?" Kijana akazima pikipiki, akashuka. "Nisamehe, mama yangu." Wakaanza kuhesabu pamoja zilizopondeka.

Swali la yule mama linafaa kuulizwa hata Ikulu. Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alisimama Nairobi akazungumzia maovu ya enzi ya ukoloni. Alieleza huzuni kubwa na majuto mazito, akasema hakuna kisingizio. Msamaha hakuomba. Kesho yake, Songea, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda mababu zetu wakati wa Vita vya Maji Maji. Kwa kipimo chetu, mmoja alitoa pole, mwingine aliomba samahani.

Ila hapa hoja yangu inakutana na kikwazo. Chifu Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906. Steinmeier alizaliwa mwaka 1956. Hakushika kamba. Je, hakupaswa kutoa pole tu, kama wale waokota nyanya? Na waliomsikiliza hawakuwa walionyongwa. Nani amewapa walio hai mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya marehemu?

Nimetafuta jibu karibu na nyumbani. Kutoka Mlandege kwenda Kalenga si mbali, na huko ndiko linakohifadhiwa fuvu la Mkwawa. Alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Wajerumani wakamkata kichwa, kikapelekwa kwao. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita. Lilirudi mwaka 1954, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa.

Ihesabu hiyo miaka 35. Wengi walioishi katika miaka hiyo hawakumkata mtu kichwa. Lakini kila mwaka ambao fuvu halikurudishwa lilikuwa ni kosa la mwaka huo, na lilikuwa na wenyewe. Ndiyo maana nadhani hatia ya mkono uliotenda haiwezi kurithiwa, bali kitu kilichochukuliwa kinarithiwa, na anayekishika hawezi kusimama upande wa wapita njia. Pole ni ya asiye na deni.

Kuhusu marehemu, sidhani kama tunaweza kusamehe kwa niaba yao. Tunaweza kusamehe lile tulilotendewa sisi: kukua bila kaburi kamili la babu, kusoma historia yetu kwenye rafu za watu wengine. Hilo ni letu, na jibu lake ni letu.

Uungwana ni vitendo, tunaambiwa, lakini kuomba nako ni kitendo, maana kunamfungulia mwingine mlango wa kujibu. Steinmeier aliahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano. Ukoo wa Mbano una haki ya kumjibu: tumekusikia, tunasubiri kichwa kwanza. Aliyetoa pole tu hawezi kujibiwa hivyo. Ataitikiwa asante, naye ataondoka zake.