Marehemu Anapoimbishwa

Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alifariki tarehe 31 Julai 1964, akiwa na umri wa miaka 40. Alikuwa akirusha mwenyewe ndege yake ndogo kutoka Arkansas kurudi Nashville, pamoja na mpiga piano wake, Dean Manuel, mvua ya radi ikawakuta wakikaribia kufika, ndege ikaanguka. Wanamuziki wenzao wa kantri waliingia msituni kuwatafuta, na miili ikapatikana baada ya siku mbili. Reeves akazikwa Carthage, Texas.

Sauti yake haikuzikwa. Mjane wake, Mary, alikuwa na kanda nyingi ambazo hazijatolewa, na mwaka 1966 wimbo wa “Distant Drums” ulikaa wiki 5 kileleni mwa chati za Uingereza. Reeves alikuwa ameurekodi kama kanda ya majaribio tu. Vyombo viliongezwa yeye akiwa kaburini. Afrika Mashariki nako, watu waliozaliwa baada ya ajali ile walikua wakimsikia redioni. Tena hakuwa mwimbaji wa kupaza sauti. Alisogeza midomo hadi karibu kabisa na maikrofoni akaimba chini, na anayemsikiliza hujiona kama anaambiwa yeye peke yake. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kuamini kuwa amekufa.

Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania, swali la namna ya kuachana na marehemu lina mizizi mirefu. Godfrey na Monica Wilson, walioishi kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930, waliandika kwa kina jinsi msiba ulivyoendeshwa: vilio, ngoma, kisha siku za matambiko ya kuwatenga wafiwa na marehemu. Marehemu aliyeendelea kuwajia watu ndotoni alitisha, na mfiwa aliyeruka matambiko alihofiwa kurukwa na akili. Baada ya kumwondoa ndipo walipomkaribisha tena nyumbani, safari hii akiwa mzimu wa ukoo. Kwanza kuagana, halafu kukumbuka. Utaratibu huo una busara kubwa, hata kwa asiyeamini mizimu.

Ukristo ulioletwa na Wamoraviani na Walutheri wa Berlin tangu 1891 uliyapinga matambiko, lakini nao una tahadhari yake. Sauli alipomwendea mwanamke wa Endori ili Samweli apandishwe kutoka kwa wafu, nabii alilalamika kwa nini amesumbuliwa. Mhubiri wa Talatala, Kyela, anaweza kujibu kwamba Waraka kwa Waebrania unamtaja Habili, ambaye ingawa amekufa bado anena. Ni kweli, lakini Habili anena kwa tendo alilolifanya mwenyewe.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Wimbo ambao Reeves aliuimba kwa hiari yake ni tendo lake, na kuusikiliza msibani au shambani kwenye kakao hakumsumbui. Hata kanda ile ya majaribio inaweza kutetewa, maana maneno aliyatamka yeye. Lakini mwaka 1981 mafundi wa studio walichukua sauti yake na ya Patsy Cline, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1963, wakaziunganisha ziwe wimbo wa wawili. Hawakuwahi kurekodi pamoja, na hakuna aliyeweza kuwauliza. Wimbo ni mtamu. Utamu, hata hivyo, si idhini.

Leo kompyuta haihitaji hata kanda ya zamani yenye maneno yale. Huiga sauti na kuiimbisha lolote. Mwaka 2024 Randy Travis, ambaye kiharusi cha 2013 kilimnyang'anya uimbaji, alitoa wimbo mpya kwa njia hiyo, lakini yu hai na alikubali. Mwaka huohuo jimbo la Tennessee, ambako ndege ya Reeves ilianguka, lilitunga sheria ya kulinda sauti ya mtu dhidi ya kuigwa, hata baada ya kifo.

Kwaya za Kyela nazo zina waimbaji waliotangulia ambao sauti zao zimo kwenye kanda na simu za watu. Baada ya mazishi, ukoo hukaa kikao kuzungumzia madeni, watoto na shamba. Sauti ya marehemu nayo iingizwe kwenye kikao hicho: nani atatunza rekodi, nani aombwe ruhusa, na kwamba asiimbishwe neno ambalo hakulisema.