JUMANNE: Mji Uliojengwa kwa Rugaruga

Soma Danieli 2:21 na Habakuki 2:12. Ni nani awawekaye wafalme? Nabii anasema nini juu ya mji uliosimamishwa kwa damu?

Waadventista wa kwanza waliosoma Ufunuo 9 waliutilia mkazo mwaka 1299 na jina la Osman, mtawala mdogo wa mpakani huko Anatolia. Mwaka 1302 alilishinda jeshi la Bizanti. Mwaka 1326 mwanawe Orhan akautwaa mji wa Bursa. Himaya ya ukoo huo ilidumu hadi 1922.

Mkazi wa Katavi hahitaji kwenda mbali hivyo. Kaskazini mwa Mpanda, katika Unyamwezi, Mirambo alirithi utemi mdogo wa Uyowa karibu na mwaka 1860. Mali yake kubwa ilikuwa njia. Misafara ya pembe za ndovu kati ya Tabora na Ujiji ilipita kwake, naye akaitoza hongo. Hongo ilinunua bunduki, na bunduki zikawavuta rugaruga, vijana waliolipwa kwa nyara. Kuanzia 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora kwa miaka kadhaa, na Stanley alipofika mwaka 1876 wakachanjiana damu.

Lakini askari alipwaye kwa nyara hana siku ya kupumzika. Vita vikiisha, mshahara nao umekwisha. Juni 1880 vita hivyo vilifika Mpimbwe. Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa wametoka Karema, waliuawa katika kijiji kilichoshambuliwa. Mirambo alijitetea, lakini urafiki wa Uingereza alioutafuta kwa bidii ulikatika. Vitabu huwataja hao wawili. Wapimbwe waliokufa pamoja nao ni nadra kutajwa, ingawa Zaburi 9:12 inasema yuko Mmoja asiyewasahau.

Mirambo alikufa Desemba 1884. Mpandashalo alirithi kiti. Uaminifu wa rugaruga haukurithika, na katika miaka michache dola ikavunjika.

Kwa kujadili: Ukoo wa Osman nao ulimwaga damu, tena ukatawala zaidi ya miaka 600. Hukumu iliyoifikia Urambo mapema ilichelewa huko. Soma Habakuki 2:3. Utamjibu nini mshiriki aliyenyang'anywa ng'ombe au shamba, anayeuliza kwa nini aliyemdhulumu bado anastawi?