Kupatwa kwa Jua la Zamani, na Amana ya Mwenye Kuhesabu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nawaandikia ndugu zangu wa pwani kutoka huku bara, Kabungu, karibu na Mpanda, juu ya swali nililoulizwa mara nyingi, na walioniuliza ni watu wenye akili zao. Wasema: ikiwa wenye elimu ya falaki waweza kuhesabu jua litapatwa siku gani, saa ngapi na juu ya nchi ipi, tena waweza kurudi nyuma kwa hesabu hiyo hiyo hata wakaonyesha kivuli kilipita wapi miaka elfu mbili iliyopita, je, kupatwa kwa jua kungali ni ishara ya Mungu, au kumekuwa jambo la saa na kalamu tu? Na huyo asimamaye kusali sala ya kusufu, asali kwa ajili gani, naye habari amekwisha kuisoma mwezi mmoja kabla?

Swali hili huku kwetu tuliliona kwa macho. Siku ya Alhamisi, 1 Septemba 2016, mwisho wa Mfunguo Pili mwaka 1437, jua lilipatwa kwa namna ya pete. Kivuli kilitoka katika bahari ya Atlantiki, kikapita Gabon na Kongo, kikavuka Ziwa la Tanganyika na kuingia Katavi, kikaenda Mbeya, ambako watu wengi walikusanyika Rujewa ili kutazama, kisha kikaelekea Msumbiji na Bukini. Upana wa njia yake ulikuwa kiasi cha kilomita 100 tu, na yote hayo yalikwisha andikwa kabla. Hapa Kabungu, ilipokaribia saa sita ya mchana, jua lilibakia sehemu ndogo, na mwanga uliopenya katika majani ya miembe ukachora chini vijua vingi vilivyomegeka. Wako walioogopa, na wako waliowacheka walioogopa. Mimi sikuona kwamba hawa wa pili walikuwa na elimu zaidi kuliko wale wa kwanza.

Sasa tutazame hesabu yenyewe ni kitu gani. Jua halipatwi ila mwezi uingiapo baina yake na ardhi, na hilo haliwi ila mwisho wa mwezi wetu wa Kiarabu, unapokaribia kuandama mwingine. Wala haliwi kila mwisho wa mwezi, kwa sababu njia ya mwezi mbinguni imeinama kidogo, kiasi cha daraja 5, na njia ya jua. Kwa hiyo mara nyingi kivuli hupita juu au chini ya ardhi kisiiguse. Mwenye kuzijua njia hizo mbili vizuri aweza kuhesabu mbele na nyuma.

Kwa hesabu hiyo twaijua siku iliyo tukufu kwetu kuliko zote katika mlango huu. Mtoto wa Mtume wetu (S.A.W.), Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Maria Mkibti, alifariki Madina, na siku ile ile jua likapatwa. Iko riwaya isemayo kwamba alifariki tarehe 10 ya Mfunguo Sita, na Ibn Taymiyya aliikataa kwa hoja hii tuliyoitaja, ya kuwa jua halipatwi tarehe kumi. Karne nyingi baadaye, mwanachuoni wa Misri, Mahmud Pasha al-Falaki, katika kitabu chake cha mwaka 1858 juu ya kalenda ya Waarabu kabla ya Uislamu, aliihesabu siku hiyo akaiona kuwa ni 27 Januari 632, nayo ni 29 ya Mfunguo Mosi mwaka wa 10 wa Hijra.

Lakini tarehe siyo iliyonifanya niitaje habari hii. Watu wa Madina walisema kwamba jua limepatwa kwa sababu ya kufa Ibrahim. Fikiri, ewe ndugu yangu, hali ya baba aliyemzika mwanawe, na watu wote, kwa mapenzi yao wenyewe, wanampa ushahidi wa mbingu kuwa msiba wake ni mkubwa hata jua limeulilia. Hakuna aliyesema uwongo katika yale aliyoyaona: mtoto amefariki, na jua limepatwa. Uwongo uliingia katika neno moja tu, neno "kwa sababu". Naye Mtume alilikataa neno hilo mbele ya watu, akawafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake, na ya kwamba waonapo hayo wasimame kusali. Angalia basi kwamba ukweli wa hesabu na amri ya sala vilitoka pamoja, katika kinywa kimoja na saa moja. Anayeona ya kwamba hesabu inaiondoa sala amevitenga vitu ambavyo havikutengana tangu mwanzo.

Linganisha na habari ya jirani zetu wa Uganda. Masimulizi ya Nkore na ya Bunyoro yasema kwamba Olimi wa Kwanza, mfalme wa Bunyoro, aliishambulia Nkore zamani za Ntare wa Kwanza, akateka ng'ombe wengi. Nao walipofika Biharwe, karibu na Mbarara ya leo, jua "likaanguka" mchana, pakawa giza. Jeshi likafazaika, likawaacha ng'ombe na kurudi kwao, na watu wa Nkore wakasema ng'ombe hao wameshuka kutoka mbinguni. Hapa napo kupatwa kwa jua ni kweli, na ng'ombe ni kweli, na neno "kwa sababu" limekuwa mali ya wafalme.

Wataalamu wa tarikh walifurahi sana kwa habari hii, kwani wafalme wale hawakuwa na maandiko, na siku moja tu ijulikanayo kwa hakika ingewapa msumari wa kutundikia orodha nzima ya tawala. Sir John Gray, aliyepata kuwa Jaji Mkuu wa Unguja, aliandika katika jarida la Uganda mwaka 1963 kwamba kupatwa huko ni kwa mwaka 1492. Wengine walichagua 17 Aprili 1520, nayo ni katika mwisho wa Mfunguo Saba mwaka 926, na tarehe hii ndiyo iliyoshika zaidi. Basi hapa ndipo amana ya mwenye kuhesabu inapojaribiwa. Akichagua kupatwa kunakofaa orodha ya wafalme, kisha akasema orodha ya wafalme imethibitishwa na kupatwa huko, amemfanya mtu mmoja kuwa mdai na shahidi, na kadhi gani wa Lamu au wa Unguja atapokea ushahidi kama huo?

Jambo hili si la mchezo, kwani ardhi yenyewe haizunguki kwa mwendo mmoja milele. Maji kujaa na kupwa, mambo ambayo sisi wa pwani twayajua kabla ya kujua kusoma, huipunguza mbio ardhi kidogo kidogo, hata siku huzidi urefu kiasi cha sehemu 2 katika elfu za sekunde kwa kila miaka mia. Ni kidogo mno, lakini hujilimbikiza kama deni. Watu wa Babeli waliandika juu ya udongo kwamba jua lilipatwa lote, Zuhura na Utaridi zikaonekana mchana. Na siku hiyo ni 15 Aprili mwaka 136 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Ukihesabu kana kwamba ardhi haikupunguza mwendo kamwe, kivuli chaangukia magharibi mwa Babeli kwa daraja 48 na zaidi, upande wa kisiwa cha Majorca. Kumbe hesabu ndiyo iliyohitaji kusahihishwa kwa neno la mwandishi aliyeandika alichokiona. Na penye Biharwe, karibu na istiwai, kosa la dakika moja tu katika mzunguko wa ardhi huisogeza njia ya kivuli kiasi cha kilomita 28, mwendo wa mtu siku nzima kwa miguu.

Maulamaa wetu waliifahamu amana hii. Ibn Yunus aliandika Misri kupatwa kwa 13 Desemba 977 na kwa 8 Juni 978 kama vilivyoonekana, na wataalamu wa Ulaya walikuja kuyatumia maandiko yake kusahihisha mwendo wa mwezi. Na al-Biruni, katika kitabu chake juu ya Bara Hindi, alimlaumu Brahmagupta, bingwa wa hesabu, kwa kuwa aliijua sababu ya kweli ya kupatwa, na juu ya hayo akaandika habari ya kichwa cha zimwi kinachomeza mwezi, ili kuwaridhisha wakuu wa dini yake. Lawama ile ni kali, nami naiona ni ya haki. Asiyejua ana udhuru wake. Huyu alijua, akaugeuza ulimi.

Nirudi kwa yule aliyeuliza asali kwa ajili gani. Katika msikiti wake, ukutani, imetundikwa ratiba ya nyakati za sala, iliyohesabiwa kwa jua hilo hilo kwa dakika, mwaka mzima. Sijamsikia akisema kuwa adhuhuri imepoteza maana kwa kujulikana mapema. Na kwa hesabu hiyo hiyo, Jumatatu 2 Agosti 2027, katika mwezi wa Safar 1449, kivuli kizima cha mwezi kitapita Luxor katika Misri, kisha Jedda na Makka, na jua la mchana litafunikwa lote juu ya Alkaaba kwa kiasi cha dakika 5. Watu wa Makka wanaijua siku hiyo tangu sasa. Ikifika watanadiwa "Assalatu jamia", nao watajipanga safu gizani.